Somo: Kukadiria kimo cha marehemu kwa kupima fupa la paja

Mifupa inapofukuliwa bila nguo wala kitambulisho, mpelelezi hutaka kujua mapema marehemu alikuwa na kimo gani. Mfupa unaotegemewa zaidi ni fupa la paja, kwa kuwa ndilo refu kuliko yote mwilini, na peke yake huchukua zaidi kidogo ya robo ya kimo cha mtu.

Kwanza, hakikisha kuwa mfupa ni wa binadamu na ni wa mtu mzima, yaani ncha zake zimekwisha kuungana kabisa na sehemu ya kati. Jinsia itazamwe kwenye nyonga, kama zipo.

Pili, pima, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Utepe wa fundi cherehani haufai. Hutumika ubao wa kupimia mifupa, wenye ukuta mfupi uliosimama upande mmoja na kibao kinachoteleza upande wa pili. Laza mfupa, gusisha kifundo cha ndani cha goti kwenye ukuta, sogeza kibao hadi kiguse kichwa cha mfupa, kisha uutikise taratibu, juu na chini, kushoto na kulia, na uandike kipimo kikubwa kuliko vyote ulivyosoma. Wapo wanaoegemeza vifundo vyote viwili ukutani. Upimaji huo ni halali, ila una kanuni zake, na hutoa milimita chache pungufu.

Tatu, chagua kanuni. Mwaka 1952 watafiti Trotter na Gleser walitoa kanuni zilizotokana na askari wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ya Pili na mifupa iliyohifadhiwa kwa ajili ya utafiti. Kwa wanaume weusi, urefu wa fupa la paja huzidishwa kwa 2.11, kisha hujumlishwa 70.35. Fupa la sentimita 45.0 linatoa sentimita 165.3. Fupa hilohilo kwa kanuni ya wanaume weupe linatoa 168.5. Lundy na Feldesman, waliochunguza mifupa ya Waafrika weusi wa Afrika Kusini, walizidisha kwa 2.403 na kujumlisha 45.721, hivyo tunapata 153.9, lakini hicho ni kimo cha mifupa mitupu, na kikiongezewa 10.5 kwa ajili ya ngozi na nyama laini kinakuwa 164.4. Kanuni mbili kukaribiana hivi kunatia moyo, ingawa si kila mara zitapatana.

Nne, andika masafa, yaani kimo cha chini na cha juu ambacho marehemu angeweza kuwa nacho. Kosa la makadirio, yaani kiasi ambacho kanuni huweza kukosea, kwa kanuni ile ya kwanza ni sentimita 3.94, likizidishwa mara mbili, marehemu wetu anaangukia kati ya 157.4 na 173.2. Anayeandika 165.3 peke yake kwenye ripoti anampotosha mpelelezi.

Maswali baada ya somo

Swali: Mwalimu, tukipata mfupa wa muundi tu, yaani ule wa mbele kati ya goti na kifundo cha mguu, je?
Jibu: Inawezekana, na mwaka 1961 mtafiti Allbrook alichapisha makadirio ya wanaume wa Afrika Mashariki kwa kutumia muundi na mfupa mmoja wa kigasha. Jihadhari tu na kanuni ya muundi ya Trotter. Katika miaka ya 1990 mtafiti Jantz na wenzake waligundua kuwa Trotter alipima bila ile nundu ya ndani ya kifundo cha mguu, ilhali maelekezo yake mwenyewe yalisema ijumuishwe. Ukifuata maelekezo hayo, unamrefusha marehemu kwa sentimita 2 hadi 3.

Swali: Hati ya anayetafutwa inasema sentimita 172. Tumwondoe kwenye orodha?
Jibu: Hapana, ndugu yangu, 172 imo ndani ya masafa. Tena kimo cha kwenye hati mara nyingi mtu hukitaja mwenyewe, na wanaume hupenda kujiongezea kidogo. Kama alikuwa mzee, kumbuka kuwa Trotter na Gleser walipunguza sentimita 0.06 kwa kila mwaka baada ya miaka 30. Mwenye miaka 70 anapungukiwa 2.4.

Swali: Na fupa likivunjika?
Jibu: Zipo njia za kukadiria urefu wake kutokana na kipande, lakini kosa la kipande hujumlika na kosa la kanuni. Ukiwa na mfupa mwingine mrefu ulio mzima, hata wa mkono, anza na huo.