Jinsi ya Kupima Pengo la Udumavu kwa Watoto wa Jamii za Asili

Ukitaka kujua kama watoto wa jamii ya asili wanakua sawa na wenzao nchini, anza na urefu kwa umri: mtoto aliye mfupi mno kwa umri wake ndiye tunayesema amedumaa. Hauhitaji damu wala maabara, na urefu wa mtoto hubeba historia ndefu: afya ya mama tangu ujauzito, chakula, na magonjwa ya kuhara yaliyojirudia. Nitaeleza kazi ninavyoifanya, hasa pale makosa yanapoingia.

Hatua ya 1: Omba ruhusa mara mbili

Kwanza kwa jamii yenyewe, kisha kwa mlezi wa kila mtoto. Ruhusa moja haifuti nyingine. Wahavasupai, jamii ya asili ya Arizona, Marekani, walitoa damu kuanzia 1990 wakiamini ni kwa utafiti wa kisukari. Baadaye wakagundua imetumika pia kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili) na mababu zao walihamia kutoka wapi, mambo ambayo hawakuyaridhia. Shauri walilofungua lilimalizika 2010 kwa fidia ya dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zao. Kwa hiyo andikeni mapema: takwimu ni za nani, zitatunzwa wapi, na nani ataamua mtu mwingine akiziomba kwa kazi nyingine. Jamii ikikataa swali fulani, liondoe.

Hatua ya 2: Tafuta umri wa kweli

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko pengine pote. Chukua mvulana mwenye urefu wa sentimita 83 akiwa amesimama. Kama ana miezi 24, hajadumaa, kwa kuwa mpaka wa udumavu katika umri huo ni sentimita 81.0. Kama ana miezi 30, mpaka ni 85.1, na mtoto yule yule amedumaa. Miezi sita tu ya kukisia imegeuza jibu!

Tazama kadi ya kliniki kwanza. Isipokuwepo, tumia kalenda ya matukio iliyotungwa na wazee wa hapo: mafuriko, mavuno, msiba mkubwa, sherehe. Mwulize mama, "Alizaliwa kabla au baada ya tukio hili?" na uendelee kubana mpaka ubaki na mwezi mmoja au miwili. Kila jioni kagua orodha. Umri ukirundikana kwenye miezi 12, 24 na 36, wadadisi wako wanakisia, na kesho yake lazima warudi nyumba hizo.

Hatua ya 3: Pima

Wapimaji wawili, ubao usioyumba, mtoto bila viatu. Aliye chini ya miaka miwili alale; aliyefikisha miaka miwili asimame. Asipokubali kusimama, mpime amelala kisha toa sentimita 0.7.

Pima pia mzunguko wa mkono wa juu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Mpeleke kwenye matibabu siku hiyo hiyo, ripoti itasubiri.

Hatua ya 4: Linganisha

Tumia viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya 2006. Viwango hivyo hutoa alama inayoonyesha urefu wa mtoto uko mbali kiasi gani na urefu wa kati wa umri wake; aliye chini ya alama -2 amedumaa. Utasikia mtu akisema, "Hao ni wafupi kwa asili." Mjibu kwamba viwango hivyo vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na wale waliolelewa katika mazingira mazuri walikua kwa namna inayofanana sana.

Hatua ya 5: Kokotoa pengo kwa njia mbili

Tuseme watoto 40 kati ya 100 wa jamii ya asili wamedumaa, na 20 kati ya 100 wa jamii nyingine. Miaka inapita, wanakuwa 20 na 8. Tofauti imeshuka kutoka 20 hadi 12, lakini uwiano umepanda kutoka 2 hadi 2.5. Anayetaja hesabu moja tu anaficha nusu ya habari. Andika zote mbili.

Wala usiandike kabila kama sababu. Uliza kuhusu maji, umbali wa kliniki, lugha ya mhudumu, ardhi iliyochukuliwa.

Hatua ya 6: Rudi kwa jamii kwanza

Wasomee matokeo kwa lugha yao kabla ya wizara au jarida kuyaona. Wakikwambia umeelewa vibaya jambo fulani, rekebisha. Wakipinga tafsiri yako nawe hujashawishika, weka maelezo yao ndani ya ripoti kwa maneno yao.