Somo: Kambare na nyoka wa sumu kwenye mito ya kusini mwa Marekani

Wanaoanza kuvua mito ya kusini, kuanzia Pascagoula kule Mississippi hadi bonde la Atchafalaya huko Louisiana, huwaza nyoka tu. Mimi nyoka hajawahi kuniuma. Aliyenikesheza ni kambare mdogo wa urefu wa kiganja. Kwa hiyo naanza na yeye.

Hatua ya 1: Jua miiba ilipo. Ni mitatu: mmoja mbele ya pezi la mgongoni, mmoja kila ubavu. Akishtuka huisimamisha na kuikaza, hailali hata ukiisukuma. Ngozi inayofunika mwiba ina tezi za sumu. Wadogo ndio wabaya zaidi, miiba yao bado ni mikali.

Hatua ya 2: Mshike ametulia. Pitisha kiganja chini ya tumbo, kidole gumba kikae nyuma ya mwiba wa ubavu mmoja, cha shahada nyuma ya ule mwingine. Ndoana itoe kwa koleo. Tafadhali usimkanyage ili atulie, mwiba wa mgongoni hupenya soli laini.

Hatua ya 3: Ukichomwa, loweka jeraha kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi joto 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto lipime kwa mkono usiochomwa. Kisha osha kwa sabuni. Kipande cha mwiba kikibaki ndani au uvimbe ukipanda, nenda hospitali na uulizie chanjo ya pepopunda.

Hatua ya 4: Mtambue nyoka. Mwenye sumu anayekutana na wavuvi zaidi ni Agkistrodon piscivorus, ambaye wenyeji humwita mdomo wa pamba, kwa kuwa akitishwa huachama na kuonyesha kinywa cheupe. Ni mnene, na akiogelea mwili wake huelea juu, ilhali nyoka wa maji wasio na sumu mara nyingi huzama kiasi. Kuachama ni onyo. Watafiti waliwahi kuwashika kwa mkono bandia: kati ya 36, walioung'ata ni 13. Rudi nyuma taratibu, mwachie njia.

Hatua ya 5: Chunga mtungo wako wa samaki. Hapa ndipo wengi hukosea, na hili ndilo ninalowasihi zaidi. Nyoka huyu hula samaki, na mtungo ulioachwa majini ukingoni ni kama umemwandalia meza. Usiingize mkono gizani kuutafuta. Mulika tochi, uvute kwa fimbo ndefu hadi uone samaki wote. Afadhali zaidi, weka samaki kwenye sanduku la barafu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sharubu za kambare nazo zinachoma?
Hapana ndugu. Hizo ni za kupapasia na kuonjea chakula.

Nimeambiwa nyoka akiwa ndani ya maji hawezi kuuma. Kweli?
Si kweli. Huwinda samaki humohumo.

Nikiumwa na nyoka, nifunge kamba juu ya jeraha?
Usifunge, usichanje, usinyonye, usiweke barafu. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, kaa utulie, piga 911, namba ya dharura ya Marekani, ufikishwe hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Usimkimbilie nyoka umuue ili umpeleke, maana hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma.

Vipi kuhusu kuvua kambare kwa mikono mitupu?
Sheria hutofautiana kati ya majimbo, Texas iliruhusu mwaka 2011. Majira ya kutaga, kambare dume hulinda mayai shimoni, na wavuvi huingiza mkono humo. Shimo lazima liwe limezama lote. Likiwa na nafasi ya hewa, huenda nyoka au biva, yule mnyama mgugunaji wa mitoni, anakaa humo. Wazoefu hupapasa kwanza kwa fimbo, na hawaendi peke yao. Mimi singependa ulijaribu kwa kusoma tu, nenda na mtu anayeujua mto huo.