Sarufi ya SAT: Anza na Kiswahili Chako

Mzazi mwenzangu, sehemu ya kusoma na kuandika ya SAT, mtihani wa kuombea chuo kikuu Marekani, ina maswali 54 kwa dakika 64, na takriban robo yake ni sarufi na alama za uandishi. Upatanisho wa kiima na kitenzi huwa humo, na hapo mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili ana msaada ambao walimu wengi wa huku Marekani hawaujui.

Tazama sentensi hii: “The box of letters written by the soldiers ___ in the museum.” Jicho linatua kwenye “soldiers”, mkono unabofya “are”. Mwambie aiseme kwa Kiswahili: sanduku la barua zilizoandikwa na askari limo kwenye makumbusho. Hatasema “zimo” wala “wamo”, maana li- inalifuata sanduku. Jibu ni “is”. Vivyo hivyo, kila mmoja wa wanafunzi *ana*: “each of the students has”. Idadi ya wageni *imeongezeka*: “the number of guests has increased”. Lakini “a number of guests” ni wageni kadhaa, nao *wamefika*: “have arrived”.

Palipo na timu au kamati, tuangalie. Shule za kwetu zilitufundisha Kiingereza cha Uingereza, ambako “the team are” hupita. Mitihani ya Marekani inataka “the team is”.

Kwenye ulinganisho, Kiswahili cha mtaani hutuponza. Tunasema “kodi ya Seattle ni kubwa kuliko Nairobi” na tunaelewana. Kiingereza sanifu kitaikataa “rent in Seattle is higher than Nairobi”, kwa sababu inalinganisha kodi na mji. Sema kwa ukamilifu, kuliko *ya* Nairobi, na hiyo “ya” ndiyo “that”: “than that in Nairobi”. Ikiwa ni bei nyingi, kuliko *za* Nairobi, andika “those”.

“Kuliko” pia hutuvuta kuandika “than” kila mahali. Napenda chai kuliko kahawa ni “I prefer tea to coffee”. “Superior” nayo hufuatwa na “to”. Hizi, pamoja na “as many as” na “not so much this as that”, zikaririwe tu, hasa kwa anayefanya ACT, mtihani mwingine wa kuombea chuo. Tofauti ya “fewer” na “less” isimtishe: ni watu wachache na maji kidogo.

Akikwama, ayatazame majibu manne. Vitenzi vitatu vikiwa vya wingi na kimoja cha umoja, mara nyingi hicho kimoja ndicho cha kuchagua. Asiache swali tupu, kwani kukosea hakupunguzi alama. Majaribio kamili ya SAT yamo bure kwenye programu ya Bluebook, ileile ya siku ya mtihani. Na ndugu zetu watu wazima wanaojiandaa kwa GED, mtihani wa cheti kinacholingana na cha sekondari, wakiwemo waliokatishwa shule na vita huko Kongo, watumie mbinu ya sanduku na barua; upatanisho huo wataukuta huko pia.