Somo: Kupasua kwa leza jiwe la mrija wa nyongo lililogoma kutoka

Mawe mengi ya mrija mkuu wa nyongo hutoka kwa ERCP ya kawaida, yaani endoskopu (bomba refu lenye kamera) hupitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija huo: mlango unakatwa kidogo, jiwe linavutwa kwa puto au kikapu. Leo ni zamu ya yanayogoma: makubwa kupita milimita 15, yaliyokwama, au yaliyo juu ya sehemu iliyobana.

1. Tafuta maambukizi kwanza. Mgonjwa mwenye homa, kutetemeka na macho ya njano si wa leza leo. Mpe antibiotiki, mwekee stenti (kibomba kidogo ndani ya mrija) nyongo ipite. Jiwe litasubiri.

2. Asile kwa saa 6. Napendelea nusu kaputi yenye mpira kooni, kwa kuwa maji mengi yatamiminwa ndani na yanaweza kumwingia mapafuni. Asiyekatazwa indometasini apewe miligramu 100 kwa njia ya haja kubwa, kupunguza hatari ya kongosho kuvimba.

3. Pitisha kamera ndogo ndani ya endoskopu hadi ulione jiwe lenyewe.

4. Sukuma uzi wa leza ya holmiamu, ncha itokeze milimita chache mbele ya kamera. Ikibaki karibu mno, lenzi itaungua. Taa ya kulengea ikae katikati ya jiwe, kamwe isiguse ukuta wa mrija. Maji ya chumvi yaendelee kutiririka: ndiyo yanayonyonya nishati ya leza na kuzua kiputo cha mvuke kinachosaidia kulipasua jiwe. Piga kidogo kidogo. Vumbi likitibua maji, ondoa mguu kwenye pedali, safisha, tazama tena. Hapa nawasisitizia sana wanaojifunza: usipoona, usipige.

5. Vuta vipande, kisha kagua mrija wote. Vikibaki, weka stenti na upange siku nyingine.

Maswali ya wanachama

*Dokta, mama ana miaka 78 na moyo dhaifu. Si aachiwe stenti tu?*
Pole kwa kuuguza. Stenti ya plastiki huziba. Kwa kawaida hubadilishwa baada ya miezi 3 hivi, na ikisahaulika huleta maambukizi mabaya. Daktari wa usingizi akiridhika, heri mawe yatoke.

*Mfuko wa nyongo nao utolewe?*
Ukiwa na mawe na mwili unahimili upasuaji, ndiyo, tena mapema.

*Akisharudi nyumbani, tuangalie nini?*
Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, homa, choo cheusi, macho kurudi njano. Hata ikiwa usiku wa manane, mrudisheni hospitali.