Kitongoji kwanza, mtu baadaye: namna ya kuufuata ukoo wa Kiairishi uliopoteza vitabu

Bibi yangu mzaa baba, kwetu Tanga, alikuwa akikutajia babu zake mpaka wa saba bila kusita. Mwaka wake wa kuzaliwa aliujua kwa vita vya Mjerumani na Mwingereza vya 1914, vile ambavyo nyuki waliwavamia askari. Karatasi hakuwa nayo hata moja. Nilipoolewa Massachusetts, kwenye familia yenye asili ya Ayalandi, nikakuta kinyume chake: karatasi tele, lakini babu wa nne kwenda nyuma hakuna anayejua alitoka kijiji gani. Mama mkwe alishakata tamaa. Aliniambia, "Usijisumbue mwanangu, vitabu vyote viliungua Dublin."

Si kweli kwamba viliungua vyote. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao watoto wao wana damu ya upande huo, au wameoa na kuolewa huko, na wameambiwa maneno hayohayo.

Kilichotokea ni hiki. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa kwenye jengo la Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Zikaenda sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851, isipokuwa vipande vichache. Ukaenda wosia wa karne nyingi. Vikaenda zaidi ya nusu ya vitabu vya parokia za Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo sensa kamili ya zamani kabisa unayoweza kuisoma ni ya 1901.

Lakini vitabu vya ubatizo vya Wakatoliki havikuwamo humo, vilibaki parokiani. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vya tangu 1864 vilikuwa mahali pengine. Vitabu vya kodi ya ardhi navyo vimesalimika. Ukoo wa mkulima maskini wa Kikatoliki, ambaye kila mtu anadhani hana pa kuanzia, mara nyingi una nafasi nzuri kuliko ukoo wa jirani yake Mwanglikana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanzia Ayalandi. Nilifungua intaneti, nikaandika jina la babu, nikampata mtu wa jina hilo huko kaunti ya Cork, umri unalingana, nikamfuata kwa miezi minne. Hakuwa yeye. Majina ya Kiairishi yanajirudia kama akina Juma na Ali kwetu, na jina peke yake halikufikishi popote. Anzia alipofia. Kumbukumbu za vifo za jimbo la Massachusetts zimeanza 1841 na mara nyingi zinataja majina ya wazazi wa marehemu. Tafuta tangazo la kifo gazetini, kitabu cha ndoa cha kanisa, majina ya wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, kwa sababu hao huwa ni ndugu au watu wa kwao. Hati za uraia za kabla ya 1906 usizitegemee sana: nyingi zinaandika "Ayalandi" na kuishia hapo. Kama alipitia New York, uliza daftari za benki ya Emigrant Savings iliyofunguliwa 1850. Makarani wake walimwuliza mteja alikozaliwa na wazazi wake ni nani. Gazeti la Kikatoliki la Boston, The Pilot, lilichapa matangazo ya watu waliopoteana na ndugu zao tangu 1831 hadi 1921, na mengi yanataja parokia ya nyumbani.

Sisi tulilipata jibu kaburini. Jiwe lilikuwa limeota kuvu na maandishi yamelika. Usisugue kwa brashi ya chuma wala kumwagia dawa, utalimaliza. Nililimwagia maji safi, mume wangu akashika kioo cha bafuni na kuelekeza jua lipige jiwe kwa ubavu, na herufi zikajitokeza kwa vivuli vyake. Chini ya jina: "mzaliwa wa parokia ya Kilgeever, Kaunti ya Mayo". Mama mkwe alikuwa amepita mbele ya jiwe lile tangu utotoni.

Ukishapata parokia, shuka hadi kitongoji. Ayalandi imegawanywa kaunti, kisha baronia, kisha parokia ya kiraia (mgawanyo wa serikali, si parokia ya kanisa), kisha kitongoji, ambacho wenyewe wanakiita townland. Vipo zaidi ya 60,000, vingine ni mashamba machache tu, na jina moja linaweza kurudiwa kaunti kadhaa. Ndiyo maana nasema kitongoji kwanza, mtu baadaye: ukiwa na mtu bila kitongoji huna kitu. Tahajia zitakusumbua, maana majina ya Kiairishi yaliandikwa na Waingereza kama walivyoyasikia. Tovuti ya logainm.ie inakuonyesha sura zote za jina.

Baada ya hapo fungua makadirio ya kodi yaliyosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864. Yapo bure askaboutireland.ie, pamoja na ramani. Hiki ndicho kinachoziba pengo la sensa, na kinastahili kusomwa taratibu. Kila mstari una namba ya ramani, jina la mpangaji, jina la mwenye ardhi, maelezo ya nyumba na shamba, ukubwa, na thamani kwa pauni, shilingi na peni. Neno "offices" usilidhanie kuwa ofisi. Ni mabanda na mazizi. Majina mawili yakifungwa na namba moja, walilima pamoja, na aghalabu ni ndugu. Na pale wanapokuwa watu wawili wa jina moja, karani ameongeza jina la baba kwenye mabano, au rangi ya nywele. Nilipoliona hilo nilitabasamu: ni sawasawa na Ali wa Juma na Ali Mwekundu wa mtaani kwetu.

Kumbuka orodha hii inamtaja mkuu wa kaya tu, si mke wala watoto. Kwa hiyo nakili kitongoji kizima, majirani wote, hata wasiokuhusu. Kisha omba vitabu vya marekebisho vilivyofuata, ambamo kila mpangaji mpya ameandikwa kwa wino wa rangi tofauti. Sisi tulimwona baba akifutwa, mwanawe mdogo akiandikwa juu yake, na huyo mwana tukamkuta kwenye sensa ya 1901 akiwa na wanawe. Babu aliyevuka bahari alikuwa kaka yake. Kwa enzi za kabla ya Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 kuna vitabu vya zaka, vya 1823 hadi 1837, lakini vina maelezo machache zaidi.

Vitabu vya Kikatoliki vipo bure registers.nli.ie. Vya parokia nyingi za magharibi vimeanza kwa kuchelewa. Lugha mara nyingi ni Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Joannes ni John. Vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo vipo irishgenealogy.ie, bure pia. Usikubali kulipia kitu kabla ya kupita huko. Desturi ya majina nayo husaidia, mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama. Ni desturi tu, si ushahidi.

Hazina ninayoipenda kuliko zote nimeiacha mwisho. Mwaka 1909 serikali ilianza kuwalipa pensheni wazee waliofikisha miaka 70. Wengi walizaliwa kabla ya 1864, hawana vyeti. Wengine walithibitisha umri wao kwa kusema wanaukumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa, tufani ya tarehe 6 Januari 1839, na mimi nikamkumbuka bibi yangu na nyuki wake. Wengine waliomba makarani wa Dublin wawatafute kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa hazijaungua. Fomu za maombi hayo zipo hadi leo, na zinasomeka bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Sensa iliungua, lakini alichokinakili karani kutoka ndani yake kimebaki. Tafuta kwa kitongoji, usitafute kwa jina la babu pekee, kwa sababu aliyeomba pensheni ni yule aliyebaki nyumbani, pengine dada mtu ambaye ameshaolewa na kubadili jina. Na umri wa kwenye sensa ya 1911 usiushangae. Wazee wengi waliongeza zaidi ya miaka kumi tangu 1901, kwa sababu ya pensheni hiyohiyo.

Wetu alikuwa dada mtu. Fomu ilitaja baba, mama na jina la mama kabla ya kuolewa, na kitongoji kilekile cha kwenye kodi. Pembeni karani ameandika alichokiona kwenye sensa ya 1851: wazazi, mwaka wao wa ndoa, na watoto mmoja mmoja na umri wake. Wa pili ni babu, miaka 14. Nilimpigia mama mkwe simu usiku uleule nikamsomea. Alinyamaza, kisha akaniomba nisubiri akatafute kalamu.