Jinsi ya kuushika msimu wa besiboli: anzia mwisho, rudi nyuma

Watu wengi wakitaka kujua besiboli ya miaka hii ya karibuni wanatafuta orodha ya mabingwa, wanakuta Braves 2021, Astros 2022, Rangers 2023, Dodgers 2024, Dodgers tena 2025, wanafunga simu, wameshamaliza. Orodha iko sahihi kabisa ila haikai kichwani, wiki ijayo imeshapotea. Na huwezi kusema utaangalia kila kitu, maana ligi kuu ya kule Marekani, MLB, ina timu 30 na kila timu inapiga mechi 162 kabla hata mtoano haujaanza. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: chukua mechi ya mwisho kabisa ya msimu, iangalie vizuri, afu rudi nyuma mechi moja moja ukiwa na swali moja tu, huyu jamaa alifikaje hapa?

Kabla hujabonyeza video fungua kwanza jedwali la mechi, MLB wanaliweka wazi kwenye tovuti na app yao. Mistari miwili, wageni juu, wenyeji chini, afu namba za iningi 1 hadi 9 (iningi ni duru ambayo kila timu inapiga zamu moja mpaka watu wake watatu watolewe, mtu akitolewa inaitwa auti; wakiwa sare iningi zinaongezwa), na mwisho kabisa herufi tatu: R ni mikimbio, yaani ndo magoli yenyewe, mpigaji akizunguka vituo vitatu vinavyoitwa besi akarudi besi ya nyumbani alipoanzia, H ni hiti, mpira uliopigwa mtu akafika besi salama, na E ni makosa ya wanaokaba. Wageni wanapiga kwanza kila iningi, wenyeji wanamalizia. Ukilielewa hilo tu tayari unaweza kuona mechi iligeukia wapi kabla hujaona picha yoyote, na ndo maana nasema jedwali kwanza video baadaye, video za matukio zinapenda sana homrani, yaani mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja, na zinaruka vitu vilivyoamua mechi.

Sasa weka mechi ya 7 ya World Series 2025, yaani fainali yenyewe ambayo anayefikisha ushindi nne ndo bingwa, Novemba 1, Toronto, Blue Jays nyumbani dhidi ya Dodgers. Ubao unasema Dodgers 5, Blue Jays 4, iningi 11. Mapema kabisa, iningi ya 3, Bo Bichette wa Toronto anapiga homrani ya mikimbio mitatu kwa mpira wa Shohei Ohtani, mrushaji wa Dodgers ambaye pia ni mpigaji, na uwanja mzima unaamka, Toronto hawajachukua kombe tangu 1993 na sasa wanaliona kwa macho. Wanaongoza 4-3 mpaka iningi ya 9, Dodgers wamebakiza auti mbili tu msimu uishe, anakuja Miguel Rojas, mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamtegemea kwa homrani, anaipiga nje. 4-4.

Hapo video nyingi zinarukia iningi ya 11, usikubali, rudisha uangalie nusu ya chini ya iningi ya 9 yote, yaani zamu ya wenyeji kupiga. Besi tatu zote zimejaa, auti moja, Blue Jays wanahitaji mkimbio mmoja tu wawe mabingwa. Daulton Varsho anapiga mpira wa chini unamwendea Rojas huyo huyo, anayumba, karibu aanguke, anautupa besi ya nyumbani na Will Smith, mdakaji wa Dodgers anayekaa nyuma ya mpigaji, anakanyaga besi hiyo sekunde kidogo kabla ya mkimbiaji kufika, waamuzi wakaenda mpaka kuangalia marudio. Mpira unaofuata wa Ernie Clement unaruka mbali sana nyuma, Andy Pages, ambaye alikuwa ameingizwa uwanjani iningi hiyo hiyo ili akabe, anakimbia anamgonga mwenzake Kiké Hernández na bado anaudaka. Yaani angalia miguu ya Smith pale nyumbani kwa mwendo wa polepole, ni mambo ya inchi. Iningi ya 11 Smith akapiga homrani ya ushindi na Mookie Betts akamaliza kwa auti mbili za mpira mmoja. Mtu akikuambia besiboli ni mchezo wa kusimama simama muoneshe dakika hizo.

Sasa ndo unauliza lile swali. Aliyekuwa anarusha mwisho ni Yoshinobu Yamamoto. Alifikaje hapo? Rudi mechi ya 6, ilikuwa jana yake tu, alianza yeye, akarusha iningi 6 na Dodgers wakashinda 3-1. Kawaida mrushaji aliyeanza mechi anapumzika siku nne tano, huyu amerudi kesho yake kwenye mechi ya ubingwa tena ndani ya moto. Rudi tena mechi ya 2, alirusha iningi zote 9 peke yake, 5-1. Ushindi mara tatu kwenye fainali moja, wakampa tuzo ya mchezaji bora wa World Series na hakuna anayeweza kubisha. Unaona sasa, kwa kumfuata mtu mmoja umeshapita mechi tatu na unajua fainali ilivyokwenda bila kukariri chochote.

Njiani kuna mechi ya 3 kule Los Angeles, hiyo usiiruke. Iningi 18, zaidi ya masaa sita na nusu, ikaisha 6-5 kwa homrani ya Freddie Freeman. Ohtani alifika besi mara 9, mpaka ikafika mahali Blue Jays wakawa wanampa besi ya bure kwa makusudi kuliko kumrushia. Hapa kuna sheria inabidi uijue la sivyo utachanganyikiwa: kwenye mechi za kawaida za msimu zikifika iningi ya 10 kila timu inaanza na mkimbiaji tayari yuko besi ya pili ili mechi iishe haraka, ila kwenye mtoano hicho kitu hakipo, mnacheza mpaka mtu apate mkimbio wa halali. Ndo maana mechi za Oktoba zinaweza kukesha.

Na muda huo huo nenda pia upande wa walioshindwa, hii nasisitiza sana maana watu wanaisahau. Blue Jays walifika fainali kwa kuwatoa Seattle Mariners mechi ya 7 ya nusu fainali, Mariners walikuwa mbele 3-1 mpaka iningi ya 7 George Springer akapiga homrani ya mikimbio mitatu, ikaisha 4-3. Mariners ni timu ambayo haijawahi kabisa kucheza World Series, na mwaka huo walikuwa na Cal Raleigh, mdakaji, kapiga homrani 60. Mdakaji! Mtu anayechuchumaa kila mpira mechi nzima, rekodi ya wadakaji kabla yake ilikuwa 48 ya Salvador Perez 2021. Ukiangalia orodha ya mabingwa peke yake huyo mtu haumuoni popote, na kwangu mimi ndo habari kubwa ya msimu ule.

Twende fainali ya 2024, Dodgers na Yankees, Dodgers walishinda mechi 4 kwa 1. Hapa tumia ile herufi E. Fungua jedwali la mechi ya 5, Yankees wanaongoza 5-0 nyumbani kwao New York, afu angalia iningi ya 5 ya Dodgers, kuna namba 5 imekaa pale. Nini kilitokea? Aaron Judge wa Yankees alidondosha mpira wa kawaida kabisa mkononi, Anthony Volpe akatupa vibaya kwenda besi ya tatu, besi zikajaa. Gerrit Cole, mrushaji wa Yankees, akawatoa wawili kwa straiki, yaani mpigaji kuukosa au kuuachia mpira mzuri mara tatu, amebakiza mmoja tu atoke salama, Betts akapiga mpira mdogo kuelekea besi ya kwanza na Cole hakukimbia kwenda kuifunika, yaani kusimama pale apokee mpira, akawa ananyoosha kidole tu. Mkimbio ukaingia, Freeman akaleta miwili, Teoscar Hernández akaleta miwili mingine. 5-5. Dodgers wakashinda 7-6 na kombe. Kitu cha kujifunza hapo ni kwamba ukisoma takwimu za Cole siku ile mikimbio yote mitano haikuandikwa kwenye hesabu yake kama mrushaji, kwa sababu ilitokana na makosa, kwa hiyo usimhukumu mrushaji kwa R bila kuangalia E, na usiamini pia takwimu zake safi bila kuangalia video, maana kutofunika besi hakuandikwi kama kosa.

Mechi ya 1 ya fainali hiyo hiyo utaikuta kila mahali, Freeman mguu unamuuma, iningi ya 10, auti mbili, besi zimejaa, anapiga homrani ya kumaliza mechi. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye historia ya World Series mechi kuisha kwa homrani ya besi zilizojaa. Iangalie kwa sauti, siyo kimya.

Kwa msimu wa kawaida wa 2024 chukua siku moja tu, Septemba 19, Dodgers wako Miami. Ohtani alipiga hiti 6 kati ya nafasi 6, homrani 3, akaleta mikimbio 10 na akaiba besi 2, yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, siku hiyo hiyo akawa mtu wa kwanza kufikisha homrani 50 na besi 50 za kuiba ndani ya msimu mmoja. Alimaliza na 54 na 59. Ukimpenda, ongeza Oktoba 17, 2025 dhidi ya Brewers, karusha mwenyewe akatoa watu 10 kwa straiki na akapiga homrani 3 mechi hiyo hiyo.

2023 na 2022 pita haraka kidogo. 2023 Texas Rangers walichukua kombe lao la kwanza kabisa, angalia mechi ya 1 dhidi ya Diamondbacks, Corey Seager anasawazisha iningi ya 9 na Adolis García anamaliza ya 11. Huo ndo mwaka pia saa ya mrushaji ilianza, yaani muda maalum ambao lazima awe amerusha mpira, mechi zikawa fupi, utaona tofauti ukilinganisha na 2022. Na ya 2022 we tafuta mechi ya 4 tu, warushaji wa Astros wakishirikiana hawakuwaruhusu Phillies hiti hata moja, weka macho kwenye safu ya H, ni sifuri.

Njia hii inafanya kazi hata nje ya Marekani. Japani 2024 Yokohama DeNA BayStars walimaliza wa tatu kwenye ligi yao ya Central, wakapenya mtoano, wakafika Japan Series, fainali ya kule, dhidi ya SoftBank Hawks, wakapoteza mbili za kwanza tena nyumbani kwao, afu wakashinda nne mfululizo. Kombe la kwanza tangu 1998. Anza na mechi ya 6, 11-2, afu rudi mpaka ya 3 uone walianzia wapi kugeuza.