Namna ya Kulitia Bao Katika Kompyuta

Kijana wa Lamu anayetaka kuandika programu ya bao hushawishika kuanza na lile analoliona barazani karibu na Ngome, lenye mashimo 32 na kete 64. Nashauri asianzie huko. Waliotangulia walianza na michezo ya mistari miwili: katika miaka ya 1970 David Ahl wa Marekani alichapisha Awari, programu fupi ya BASIC, lugha nyepesi ya kompyuta, iliyoandikwa na Geoff Wyvill wa Uingereza, na hadi leo hilo ndilo somo la kwanza linalofaa.

Tengeneza orodha ya namba 14, ukianzia 0. Namba 0 hadi 5 ni mashimo yako, 6 ni ghala lako, 7 hadi 12 ni mashimo ya kompyuta, na 13 ni ghala lake. Tia kete 3 katika kila shimo na uyaache maghala matupu. Kusambaza ni kuongeza moja moja na kurudi 0 ukishapita 13. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, shimo linalolielekea hupatikana kwa kutoa namba yake katika 12, hesabu ambayo kwangu ndiyo pambo la programu nzima.

Ukishaimudu hiyo, ingia katika bao lenyewe. Mpe kila mchezaji namba 16, zikihesabiwa kutoka kushoto kwake kwa mstari wa mbele (0 hadi 7) na kurudi kwa wa nyuma (8 hadi 15), pamoja na namba ya pekee ya kete zilizo mkononi. Shimo lako la mbele likiwa 2, la mpinzani linalolielekea ni 5, kwani jumla yake daima ni 7. Nyumba, yaani shimo kuu la kila mchezaji, ni namba 4 yenye kete 6, namba 5 na 6 zina kete 2 kila moja, na 22 hubaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja kila zamu.

Tabu iko katika kula. Kete zilizoliwa husambazwa kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, kushoto au kulia, na zikiliwa kwenye kichwa au kimbi, shimo lililo jirani na kichwa, hazina budi kuanzia kichwa cha upande huo huo. Programu yangu ya kwanza ilisahau kimbi, na mzee mmoja aliyeitazama akaniambia, "Mwanangu, hii haijui kula." Kwa hiyo baada ya kila zamu iamuru programu ijumlishe kete zote, za ubaoni na za mkononi, zisipotimia 64, isimame. Weka pia kikomo cha mizunguko katika zamu moja, maana ipo mizunguko ya bao isiyokwisha, ambayo wachezaji wakiiona hucheka, lakini kompyuta itaifuata mpaka umeme ukatike.